Shika fungu lako: mwongozo kamili wa kubeba maamuzi yako ya kila siku

Ukikaa barazani kwetu, iwe Unguja au Pemba, ukasikiliza tu bila kutia neno, hazipiti dakika kumi utayasikia maneno yaleyale: hali ngumu, kazi za wenye watu wao, mie nshaandikiwa hivi, fulani ndo kaniharibia. Na mengi katika hayo ni kweli kabisa, sitaki mtu anifahamu vibaya, hali ni ngumu kweli na wapo watu wanaharibia wenzao kweli. Lakini katika kila jambo linalokupata kuna fungu ambalo ni lako wewe, pengine dogo sana, na fungu hilo likikosa mwenyewe ndo maisha yanakwenda mrama polepole na wala huoni siku gani yalianza.

Nazungumzia maamuzi ya kila siku, sio yale makubwa. Makubwa sisi tunayajua kuyafanya, mtu akitaka kuoa au kuuza kiwanja anakaa na wazee, anamuuliza ami yake, anamuendea shehe, anaswali istikhara. Ila kununua bando la tatu kwa siku moja, kupanda boda bila helmeti, kumwambia mtu "nakuja sasa hivi" na hujatoka hata kitandani, kuchukua kilo ya sukari kwa mkopo, kumfokea mtoto kwa hasira za kazini, haya hakuna anaeyaulizia ushauri na ndo yanayotumaliza. Basi hizi ni hatua ninazoziamini, zifuate kwa mpangilio huu, usirukie ya sita kabla hujafanya ya kwanza.

Hatua ya kwanza: ligawe jambo mafungu mawili

Chukua karatasi, kweli chukua karatasi usifanye kichwani, piga mstari katikati. Juu andika jambo moja linalokusumbua sasa hivi. Upande wa kushoto andika yale ambayo hata ukeshe huyawezi, upande wa kulia andika yale ambayo jana ungeweza kufanya vyengine, au kesho unaweza.

Mfano bei ya mchele. Mchele mwingi tunaoula Zanzibar unakuja kwa meli kutoka nje, bei yake inapangwa mbali na hapa, hilo liandike kushoto na usijilaumu nalo. Lakini kupika kilo mbili za watu watano halafu kiporo kikatupwa, hilo la kulia. Au umeme. Walokuwepo Unguja Disemba 2009 wanakumbuka, umeme ulikatika kisiwa kizima ukarudi Machi 2010, karibu miezi mitatu, na maji nayo yakawa shida kwa sababu pampu zinataka umeme. Hakuna aliechagua lile. Lakini ndani ya kiza kilekile kila nyumba ilikuwa na maamuzi yake kila siku, maji yatekwe saa ngapi, samaki anunuliwe kiasi gani maana friji haifanyi kazi, watoto wasome kabla magharibi au wasisome kabisa. Tatizo moja, ila upande wa kulia kila nyumba iliandika yake.

Hapa ndo watu wengi hukwama kwenye kadari. Sisi ni watu wa dini, tunaamini kheri na shari yake inatoka kwa Mwenyezi Mungu, na mimi sina neno na hilo, naliamini. Lakini ile hadithi ya ngamia sote tumefundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, yule mtu aliemuuliza Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake kisha atawakal au amwache tu na atawakal, akaambiwa mfunge kisha tawakal. Kufunga ngamia ni upande wa kulia wa karatasi yako. Mtu anaesema nimetawakal na kamba iko mkononi mwake hajaifunga, huyo hajatawakal bado.

Na hasadi vilevile. Kijicho kipo, sibishani na mtu. Ila kama duka lako linafunguliwa saa nne asubuhi na watu wanaokwenda kazini na skuli wanapita saa kumi na mbili, lianze kufunguliwa saa kumi na mbili kwanza, kisha ndo tuzungumze habari ya jicho la mtu.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Julian Rotter, alichapisha kazi kuhusu jambo hilihili, kwamba watu wanatofautiana katika kuamini yanayowapata yanatokana na nini, wapo wanaoona zaidi ni matendo yao na wapo wanaoona zaidi ni bahati, majaaliwa au wakubwa wenye nguvu. Na hakusema kuna makundi mawili ya watu, kwake ni kama mstari mmoja mrefu na kila mtu yupo mahali fulani juu yake. Kwahivyo usijiulize wewe ni mtu wa aina gani, jiulize kwenye jambo hili moja umesimama wapi, maana mtu huyohuyo kwenye kazi anajibebesha kila kitu na kwenye afya yake anasingizia kila kitu.

Ukimaliza, upande wa kushoto ukunje usiusome tena wiki hii. Sio kwamba si muhimu, wapo watu wa kuufanyia kazi na wewe pia una kura yako na una mdomo wa kumwambia sheha, mkuu wa mtaa wenu. Ila wiki hii tunafanya kazi upande wa kulia.

Hatua ya pili: jiandike wiki moja bila kujihukumu

Daftari dogo au noti za kwenye simu, chochote. Kwa wiki moja andika pesa iliyotoka, muda uliopotea na ahadi ulizotoa, basi. Usibadilishe kitu wiki hiyo, andika tu. Watu wanashindwa hapa kwa sababu wanataka waanze wakiwa wazuri, wanaficha hata mbele ya daftari lao wenyewe.

Mwisho wa wiki fanya hesabu. Tuseme umekuta kila jioni unakula urojo wa elfu mbili, hiyo ni kama elfu sitini kwa mwezi. Sisemi uwache urojo, mie mwenyewe napenda urojo wa mbatata nyingi na bajia. Ninachosema ukishaiona ile elfu sitini huwezi tena kusema "sijui pesa inakwenda wapi". Unajua. Sasa ukiendelea kula umechagua kula, na kuchagua kwa kujua ni jambo la heshima kabisa, pengine urojo ndo raha yako pekee ya siku na utapunguza bando badala yake.

Hatua ya tatu: badilisha unavyosema

Hii inaonekana ndogo ila ndo iliyobadilisha watu wengi ninaowajua. Tunazo namna nyingi za kusema jambo bila mtu ndani yake. Glasi imevunjika. Meseji imesahaulika. Muda umekwenda. Gari zimechelewa. Kama ni wewe uliefanya, sema wewe.

Mtu amefika kazini saa mbili na nusu badala ya saa mbili. Anasema "gari za Fuoni leo shida bosi". Pengine kweli shida, lakini gari za Fuoni zina shida kila Jumatatu na yeye anajua. Sentensi ya kweli ni hii: "Nimechelewa, nimetoka nyumbani saa moja na robo na siku kama hii nilitakiwa nitoke saa moja kasorobo. Kesho ntatoka mapema." Hebu zisome zote mbili kwa sauti. Ya kwanza haikupi kitu cha kufanya kesho, unabaki kusubiri gari zibadilike. Ya pili ina dawa ndani yake.

Fanya mazoezi kwa mambo madogo kabla ya makubwa. "Nimevunja glasi yako, ntakununulia nyengine." "Sikukupigia, nilikuwa na nafasi ila nilifanya uvivu." Mwanzo mdomo unakuwa mzito na watu watashangaa, wamezoea kupewa sababu. Na lile neno inshallah, jamani, tulirudishie heshima yake. Useme ukiwa umenuia kweli na umeshapanga, sio kama njia ya adabu ya kusema siji. Kama huji sema siji.

Hatua ya nne: chagua kimoja, ukifunge na kitu kilichokwisha kuwepo

Baada ya wiki ya kuandika utakuwa na orodha ndefu na roho itakwambia rekebisha vyote kuanzia mwezi mosi. Usikubali. Chagua kimoja, na si lazima kiwe kikubwa kuliko vyote, kiwe kile ambacho kikikaa sawa vyengine vitafuata, kwa wengi ni kulala mapema.

Kisha ukipange kwa "ikiwa... basi". Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer aliandika kuhusu mipango ya namna hii mwaka 1999, kwamba mtu anaesema tu "nitafanya" anashindwa mara nyingi kuliko yule aliekwishaamua lini, wapi na vipi, kwa sababu wakati ukifika huyu wa pili hana tena la kufikiria, uamuzi ulishafanywa.

Na sisi huku tuna bahati kubwa moja, siku yetu tayari imegawiwa na adhana tano. Huna haja ya alamu. Ikiwa nimemaliza alfajiri, basi natembea mpaka njia kuu na kurudi kabla ya chai. Ikiwa nimetoka msikitini laasiri, basi namjibu kila alienitumia meseji ya kazi. Ikiwa nimeswali isha, basi simu naiweka kwenye chaji sebuleni na siingii nayo chumbani. Funga jambo lako na sala moja, sio "asubuhi" na sio "jioni", jioni ni ndefu sana.

Itachukua muda gani mpaka likae lenyewe? Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, uliochapishwa 2010, uliwafuata watu wakijenga mazoea mapya na ilichukua kwa wastani siku 66, lakini wengine siku 18 tu na wengine ilikadiriwa wangefika siku 254. Kwahivyo ukiambiwa siku 21 na ukafika ya 22 bado unajilazimisha, hujashindwa na wala huna kasoro.

Hatua ya tano: nyumba yako ikusaidie

Roho ya mtu inachoka, usiitegemee peke yake. Panga vitu ili jambo jema liwe jepesi na baya liwe na usumbufu kidogo.

Chukua sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia kumi ya nishati unayokula kwa siku, na likasema ukishuka chini ya asilimia tano, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Soda moja ya mililita 350 inaweza kuwa na gramu 35 hivi na zaidi. Chai yetu ya maziwa vijiko vitatu mara mbili kwa siku, hapo vijiko sita vishakwisha hata hujagusa andazi wala kaimati wala juisi ya ukwaju. Sasa ukisema "ntapunguza sukari" na bakuli la sukari liko katikati ya meza na kijiko kikubwa ndani yake, unajitesa bure. Wapikaji wengi kwetu wanaitia sukari kwenye birika moja kwa moja. Basi mwambie mama, au kama unapika wewe fanya wewe, chai ipikwe bila sukari, kila mtu ajitilie kikombeni mwake, kwa kijiko kidogo. Hapo tu kila mmoja nyumbani amerudishiwa uamuzi wake.

Vilevile kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, bara walikuja kupiga marufuku 2019, na bado mtu anakwenda sokoni Darajani mikono mitupu. Tundika kikapu cha ukili kwenye msumari wa mlangoni, utakichukua bila kufikiri.

Na helmeti, nasema hili kwa uchungu kwa sababu vijana wetu wanakwisha. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonesha helmeti inapunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa ajalini kwa kama asilimia 40 na kuumia kichwa kwa kama asilimia 70. Kama unapanda boda kila siku nunua yako, iweke juu ya viatu vyako. Usiseme dereva hakunipa. Kichwa ni chako.

Hatua ya sita: pesa na madeni

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo penye kazi.

Kwetu deni linaanzia dukani. Mwenye duka ana daftari, jina lako lipo, unachukua unga, mafuta, sabuni, unamwambia niandikie. Hakuna ubaya, nyumba nyingi zimevuka mwezi kwa daftari lile. Ubaya unakuja pale mtu anapoanza kubadilisha njia ili asipite mbele ya duka. Ukijikuta unazunguka uchochoro wa nyuma ujue deni hilo sasa linakuamulia hata njia ya kupita, na siku hiyohiyo mwendee mwenyewe. Usisubiri akuite, usisubiri atume mtoto. Nenda wakati hana wateja, na mazungumzo yawe hivi:

"Assalamu alaykum, ami."

"Waalaykum salaam, za siku nyingi."

"Nzuri. Ami, nimekuja kwa ile hesabu yangu, naomba unifungulie daftari tuitizame pamoja."

"Haya... hii hapa. Elfu themanini na saba."

"Sawa, ni yangu. Mwisho wa mwezi sitoiweza yote. Leo nna elfu ishirini hizi hapa, na kila Ijumaa baada ya sala ntakuletea elfu kumi mpaka ziishe. Na sichukui kitu kwa kuandikiwa mpaka nimalize."

"Haya mwanangu. Afadhali weye umekuja."

Angalia alichofanya. Ametaka waione hesabu pamoja, amesema ni yangu, ametoa kitu mkononi palepale hata kama kidogo, ametaja siku na kiasi, na amefunga mlango wa deni jipya. Zilobaki elfu sitini na saba, ni Ijumaa saba tu. Hakuleta habari ya mshahara kuchelewa wala mtoto kuumwa, hata kama vyote vimetokea. Mwenye duka na yeye ana mzigo alochukua mjini anadaiwa.

Kibati nacho, ule mchezo wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Wengi wanacheza vizuri mpaka wapokee zamu yao, baada ya hapo mchango unaanza kuchelewa, mara simu haipatikani. Kama zamu yako ni ya mwanzo, jua umepewa mkopo na wenzako, pesa ile bado ni yao. Siku unayopokea tenga hapohapo michango ya miezi miwili ijayo, iliyobaki ndo yako ya kutumia. Na mikopo ya simu, ile ya kubonyeza mara mbili tatu pesa ikaingia, kabla hujabonyeza andika mambo matatu kwenye karatasi: nalipa jumla ngapi, tarehe gani, na pesa hiyo itatoka wapi. Ukishindwa kujaza la tatu usibonyeze. Udhamini ndo usiseme, ukitia saini kumdhamini mtu umekubali deni lake liwe lako akishindwa, na ukishatia saini huna tena la kusema "mimi nilimsaidia tu". Kama huwezi kulilipa usilidhamini, hata kama ni mtoto wa shangazi.

Kwa ndugu zetu wa Pemba kuna jambo la msimu. Karafuu zikikubali pesa inakuja kwa mkupuo, na sote tunajua nyumba ambazo msimu ukiisha hazina hata cha kuonesha. Bei ya karafuu hupangi wewe na mvua hupangi wewe, andika kushoto. Kulia kuna mengi. Kuna kuzichambua makonyo vizuri, kuna kuzianika juu ya jamvi safi na kuzianua mapema wingu likijikusanya, maana karafuu iloanikwa vibaya ikifika kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inashuka daraja na hapo hakuna wa kumlaumu. Kuna kuwalipa wachumaji kila pishi yao siku ileile. Na kuna ugawaji. Pesa ya karafuu ikilala nyumbani usiku mmoja haijagawiwa, asubuhi unaikuta imeshapata wenyewe wengi. Kaeni mume na mke, kabla hata ya kwenda kuuza, muandike: madeni kiasi hiki, skuli na chuoni kwa watoto kiasi hiki, chakula cha miezi ya ukame wa pesa kiasi hiki, shamba lenyewe palilio na miche kiasi hiki, na furaha pia iandikwe, nguo, safari ya Unguja, chochote, kwa sababu furaha isiyoandikwa huchukua zote.

Hatua ya saba: jifunze kukataa kwa adabu

Kuna maamuzi tunayaita ya kwetu na si ya kwetu, tunafanya kwa kuogopa maneno ya watu. Shughuli za harusi ndo mfano mkubwa, hasa kwa kina mama na dada zetu. Linafunguliwa grupu la WhatsApp, sare inatajwa, kitambaa bei yake, fundi bei yake, mchango wa singo mbali, na harusi ni tatu mwezi huohuo. Mtu anakopa ashone, kisha analalamika mwaka mzima kwamba watu wamemtia kwenye gharama. Watu wamemuomba. Ndio kasema yeye.

Kukataa kuzuri kuna heshima, kuna ukweli mfupi na kuna kitu unachotoa badala yake. Mwandikie mwenye shughuli mwenyewe, sio kwenye grupu: "Dada yangu, Mungu akufanikishie shughuli yako. Sare safari hii sitoweza, ntavaa nguo yangu nilonayo. Lakini siku ya kupika mie nipo kwako tangu alfajiri, nihesabu." Usieleze zaidi ya hapo, ukianza kutoa sababu kumi unafungua mazungumzo ya kukushawishi. Na kweli siku ile uende tangu alfajiri, hapo ndo kukataa kwako kunapata maana. Ukisema ndio pia, basi ni ndio, usiende kunung'unika kwa jirani.

Wanaume tuna zetu, maskani. Kukaa kahawani mpaka saa tano ya usiku halafu kusema mke wangu ana kelele.

Hatua ya nane: ukikosea, likabili mapema

Umeazima vespa ya mjomba, umeangusha, kioo kimekwenda. Kuna watu watairudisha usiku, waiegeshe upande ule usioonekana. Usifanye. Mpigie kabla hujafika: "Mjomba, nimeangusha vespa yako Mwanakwerekwe, mimi sijambo, kioo cha kulia kimevunjika. Nipo kwa fundi sasa hivi naulizia bei, kesho natia kipya." Mambo ni manne, sema ulichofanya, usitie neno lakini, tengeneza ulichoharibu, na sema kitabadilika nini. Neno lakini ndo linaloharibu radhi nyingi. "Nisamehe, lakini na wewe hukuniambia breki zake nzito", hapo umeomba radhi na umeirudisha mfukoni kwa pumzi moja. Kama breki kweli nzito mwambie wiki ijayo, kwa faida yake.

Mtu unaemtaka radhi ana haki ya kukasirika pia. Usimwambie "si nshaomba radhi". Kaa kimya, pokea.

Kwa watoto sina mengi, wanatizama zaidi kuliko wanavyosikiliza. Mtoto akisahau daftari la skuli usilikimbize kila mara kwa boda, mwache siku moja amweleze mwalimu mwenyewe. Na akikwambia ukweli wa kosa lake usimpige kwa ule ukweli, maana utakuwa umemfundisha kusingizia.

Mipaka ya haya yote

Mwongozo huu ni wa mtu kujitizama mwenyewe, si fimbo ya kumchapia jirani. Mtu anaepigwa nyumbani hakuchagua kupigwa, kosa ni la anaempiga, na kazi yetu ni kumsaidia afike sehemu ya msaada, vipo vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyopokea watu waliofanyiwa ukatili, na polisi wapo. Mtu mwenye huzuni isiyoondoka, asielala, asiekula, asiambiwe ajikaze wala aandike karatasi, huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, apelekwe hospitali, Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, si pahala pa aibu. Na kijana aliezama kwenye unga wa kulevya hawezi kutoka kwa maneno ya barazani, anahitaji tiba na soba hausi, nyumba ya kumsaidia auwache, ingawa siku anayokubali kwenda, ule uamuzi ni wake na tumheshimu kwa huo.

Hesabu ya Alhamisi

Kila Alhamisi usiku, baada ya isha, kaa na daftari lako robo saa. Jiulize: nilisema ntafanya nini wiki hii, nimefanya nini, na pale nilipokosa fungu langu lilikuwa lipi? Andika sentensi moja moja, si hotuba. Kama umetimiza jambo lako siku nyingi za wiki, endelea nalo vilevile, usiongeze la pili mpaka la kwanza ulifanye bila kujikumbusha. Kama umekosa siku nyingi, usijitukane, tizama ile "ikiwa... basi" yako, mara nyingi imefungwa na wakati mbovu, labda laasiri wewe upo kwenye gari, ihamishie magharibi. Na kama umekosa siku moja tu, usianze kuhesabu upya. Katika ule utafiti wa London waliokosa siku moja walionekana kuendelea kujenga mazoea yao karibu sawa na kabla, kwahivyo kesho yake ukimaliza alfajiri toka tu ukatembee.